Luhaga Hasimami Kushoto

Glovu ya ngozi ilikuwa moja tu Bariadi nzima, na mwalimu Mayala alimpa Luhaga. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na kama kuna anayeona hilo ni jambo dogo, basi hajawahi kudaka mpira mgumu wa besiboli kwa kiganja kilichofunikwa gunia.

Mayala hakuwa Msukuma. Alikuwa Mjapani, mwalimu wa kujitolea aliyekuja kufundisha hesabu sekondari. Jina la Mayala, ambalo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya wembamba wake, naye akalipenda. Jioni alitukusanya vijana wa mjini kwenye uwanja ulio kando ya ghala la pamba la ushirika, akatufundisha mchezo wa kwao. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa rungu, kisha anakimbia kupitia magunia matatu yaliyojazwa mchanga mpaka arudi pale alipoanzia, ambapo sisi tulipaita nyumbani. Akifika salama, ni bao. Wengine tumetawanyika uwanjani kumzuia. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, au ukimwahi guniani, ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu imekwisha na timu zinabadilishana.

Muda wake ulipoisha Mayala alirudi kwao. Mimi aliniachia unahodha. Luhaga alimwachia glovu. Nilisema asante, nikapiga makofi na wenzangu, nikaenda nyumbani nikashindwa kula. Unahodha utaufanyia nini? Hauvaliki mkononi.

Hiyo ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Pamba ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake sasa ikawa ya yeyote mwenye mizani na lori. Mimi nilikuwa karani wa ghala la ushirika, kazi ambayo wakati naipata majirani walikuja kumpongeza mama. Msimu ule nilikaa mlangoni mwa ghala tupu nikifukuza mbuzi. Luhaga, ambaye darasani alikuwa akichungulia majibu yangu, alichukuliwa na mojawapo ya kampuni mpya za kununua pamba, akapewa mizani na pikipiki. Leo yuko Sapiwi, kesho Mwamapalala, wakulima wanamngoja njiani. Jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, raba nyeupe miguuni, anasalimia kila mtu. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na maringo ningepumzika, maana ningekuwa na sababu.

Hayo yote ningeyameza. Elina ndiye sikuweza.

Elina alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka la baba wa Khatibu, mrushaji wetu. Ndiye aliyetushonea glovu za gunia na kuzishindilia pamba ndani. Yangu aliizungushia uzi mwekundu, akapita mara mbili. Za wengine uzi ulikuwa mweusi. Nilipomwuliza kwa nini, akasema mweusi ulikuwa umeisha. Sikumwamini hata kidogo. Nilijua msichana mwenye haya hawezi kusema jambo kama lile waziwazi, nikamtuma baba mdogo kwao Sapiwi akaniposee. Alipokewa vizuri, akapewa maziwa, akaambiwa jibu litatoka pamba ikishauzwa. Jibu hilo nililichukua kama ndiyo ambayo haijaiva.

Halafu siku moja nikapita barazani nikamkuta Elina ameipakata glovu ya Luhaga, anaitia ugwe mpya wa ngozi. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Ilikatika," akasema, na mimi sikuwa nimeuliza.

Nilinunua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikaondoka. Wiki nzima kifua kilikuwa kinaniwaka. Nikimwona Luhaga anacheka, nilijiuliza amechekea wapi tena. Nikisikia pikipiki inaelekea Sapiwi, nilijiuliza kama ni pamba tu inayomvuta huko.

Sasa niseme nilichokiweza mimi, maana hiki Luhaga hakukiweza. Watu wakitazama besiboli hudhani walinzi wamesimama tu huko uwanjani wakisubiri bahati. Si kweli. Mpigaji kabla hajapiga ameshakuonyesha mpira utakakoelekea. Tazama mguu wake wa mbele. Akiufungua kwa nje, atauvuta mpira kwenda kushoto. Akiubana, atauchelewesha uende kulia. Mwenye mikono laini, walinzi wasogee mbele. Mwenye mabega, warudi nyuma. Mrushaji akianza kuchoka mpira wake unakuwa mzito, wapigaji wanauwahi, basi uwanja mzima uhamie kushoto. Mahali palipokuwa sahihi zamu iliyopita huwa si sahihi zamu hii. Mimi nilisimama kati ya gunia la pili na la tatu, nikiwahamisha watu kwa mluzi wa kuchungia ng'ombe. Mluzi mrefu, rudi nyuma. Mifupi miwili, sogea ninakokuonyesha. Hakuna aliyehitaji kufundishwa, kwa sababu utotoni sote tulichunga, isipokuwa Khatibu aliyekulia dukani, naye kazi yake ilikuwa kurusha. Nyuma kabisa walikuwepo walinzi watatu wa nje, wa kulia, wa kati na wa kushoto. Wa kushoto, nyuma ya mgongo wangu, alikuwa Luhaga.

Mechi ninayoisema ilikuwa na Mwanhuzi. Huko nako alikuwepo mwalimu wa kujitolea aliyefundisha mchezo huo, na timu tulizozijua zilikuwa mbili tu, kwa hiyo kila mechi ilikuwa fainali. Walikuja Jumamosi juu ya lori, wakiimba, wamepauka kwa vumbi la Meatu. Watu wa mjini walijaa pande zote za uwanja.

Ng'ambo ya kulia, kando ya lori lile, nikamwona Elina ameketi chini kwenye kanga. Pembeni yake alikuwepo mama yake, Nyanjige. Nalitaja jina lake kwa sauti, hakuna wa kunizuia.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Mama wa Sapiwi, katikati ya msimu, pamba bado iko shambani, anakuja mjini kutazama vijana wakipiga mpira kwa rungu? Hakuja kutazama mpira. Amekuja kumtazama mkwe kabla ya kutoa jibu. Niliwaangalia wachezaji wote mmoja mmoja, nikaona mkwe hapo ni mimi.

Lakini pale alipokaa palikuwa na jua kali, na angeniona kwa mbali tu. Nikamwambia Khatibu achukue kiti changu cha ofisini akakiweke upande wa kushoto, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Pale angeniona vizuri nikipiga mluzi na watu wakinitii. Niliwaona wanavyobishana. Mama alikataa. Elina alitikisa kichwa, akamwambia Khatibu neno, akaonyesha kidole upande wa kushoto. Lakini Khatibu ni mtoto wa duka, hajui kuambiwa hapana. Akanyanyua kikapu cha mama, akatangulia nacho mpaka kwenye kiti. Mama wa watu angefanya nini? Akakifuata kikapu chake.

Mimi sikwenda kumsalimia, na nilikuwa na sababu. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Tangu siku ng'ombe wa mahari wanapokubaliwa, hampi mkono, hapiti mbele yake, hamtaji jina. Wakikutana njiani yeye anaingia porini, na mama anajifunika kanga usoni. Baba yangu aliwahi kuipeleka baiskeli kwenye miiba na yeye akiwa juu yake, kumpisha bibi yangu mzaa mama, na watu wakamsifu mwaka mzima. Ng'ombe wangu walikuwa bado hawajakubaliwa, lakini niliona si vibaya kuanza mapema. Kwa hiyo kila nilipotoka kunywa maji nilizunguka nyuma ya ghala lote, nikatokea upande wa pili.

"Januarius, mbona unazunguka?" Khatibu akaniuliza. "Pale mbele kuna nyoka?"

"Heshima," nikamjibu. "Wewe huwezi kuelewa."

Akacheka mpaka akashika magoti.

Mwanzo tulicheza vizuri. Nilimsogeza huyu mbele, yule nikamrudisha nyuma, na mpira ukawa unawafuata kama ulivyoagizwa. Kila mara niliangalia kivulini kuona kama mama anaona. Kisha Mwanhuzi wakapiga mpira mmoja wa kushoto, wa kawaida kabisa, ambao Luhaga huudaka huku akiongea. Nikageuka. Luhaga hakuwepo. Alikuwa amehamia kati, anakaribia kumkanyaga mlinzi wa kati, na mpira uliangukia mahali patupu. Bao.

Nikapiga mluzi, mifupi miwili, mkono wangu ukimwonyesha kushoto. Akaja hatua chache, kichwa chini. Nilipogeuka kumtazama mpigaji, kisha nikatazama tena nyuma, alikuwa amesharudi kati. Nikapiga mluzi mpaka mate yakaniishia. Akaja, akarudi. Mpira mwingine ukaangukia palepale. Bao la pili.

Zamu ilipobadilika nilimfuata nikamshika mkono.

"Luhaga, una ugomvi na mimi?"

"Sina, kaka."

"Nikisema kushoto, wewe kushoto unakujua ni wapi?"

"Nakujua." Alikuwa ameikumbatia ile glovu kifuani, macho yakiwa ardhini. "Pale siwezi kusimama. Nipeleke kulia. Au umwambie Khatibu akirudishe kile kiti kilikokuwa."

"Kiti nimekiweka mimi. Kinakuhusu nini?"

"Januarius, gete, kweli kabisa, usinilazimishe kusema. Wazee walisema mpaka pamba iishe."

Ningekuwa na akili timamu ningeelewa pale pale. Nilikuwa na wivu, na mwenye wivu husikia lile analoliogopa likiwa limevaa nguo nyingine. Nilichosikia mimi ni kwamba ananiharibia makusudi, siku hii ya leo, mbele ya huyu mama.

"Amekuja kunitazama mimi," nikamwambia. "Unataka nimrudishe kwenye jua ili wewe usimame unapopenda? Glovu unayo, pikipiki unayo. Hiki kimoja niachie."

Luhaga aliinua uso. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo sijamsamehe mpaka leo.

"Basi," akasema. "Nitajitahidi."

Tulirudisha mabao yale na kuongeza moja. Ikafika zamu ya mwisho ya Mwanhuzi, sisi tukiongoza kwa bao hilo moja. Wawili wao walikuwa wameshatolewa. Tulihitaji mmoja tu. Mwenzao mmoja alikuwa kwenye gunia la pili, na aliyekuja kushika rungu alikuwa Ndaki.

Ndaki alikuwa mfugaji, mwenye mabega ya kubeba ndama. Akasimama, akaufungua mguu wa mbele nje kabisa, wala hakujificha. Khatibu alikuwa hoi, mpira wake unafika kama umetumwa dukani. Mtoto mdogo angejua mpira huu unakwenda wapi. Nikapiga mluzi mrefu, kisha mifupi miwili, uwanja mzima ukahamia kushoto. Nikageuka kumtafuta Luhaga.

Alikuja. Alisimama pale pale nilipotaka, ingawa alikaa upande upande, mgongo ameuelekeza kwenye ghala. Kivulini mama alikuwa amejitanda kanga mpaka puani. Nikadhani ni vumbi.

Khatibu akarusha, Ndaki akapiga. Mpira ulipita juu ya kichwa changu, ukaanguka ndani ya uwanja, ukadunda, ukakata kwenda kwenye kivuli. Uwanja wetu hauna ukuta wala kamba, na Mayala alituwekea sheria kwamba mpira ulioangukia ndani unaendelea kuchezwa hata ukiingia kwa watazamaji. Luhaga akageuka akaukimbilia. Mbio anazo, siwezi kumnyima. Mimi nami nikaondoka kumfuata, maana kazi ya aliyesimama pale kwangu ni kupokea mpira kutoka kwa mlinzi wa kushoto na kuutupa nyumbani.

Mpira ulikwenda ukasimama miguuni pa Nyanjige.

Luhaga alifunga breki kama ndama aliyefika mwisho wa kamba yake. Hakusogea hata hatua moja zaidi. Akageuza mgongo, akachuchumaa, akaificha sura yake ndani ya ile glovu. Na kwenye kiti mama alishaivuta kanga ikamfunika uso mzima.

Wanawake ndio waliowahi kuelewa. Kigelegele kimoja kikapigwa kule kulia, kikajibiwa kushoto, halafu uwanja mzima ukalipuka. "Mkwe! Mkwe huyo!" Hata watu wa Mwanhuzi, waliokuwa wanashinda, wakawa wanashangilia hicho badala ya mchezo wao. Nilimwona Elina kwa pembeni, mikono yote miwili mdomoni, anacheka na analia.

Nilikuwa bado nakimbia. Miguu haikuwa imepata habari. Kichwani yote yalijipanga kwa mkupuo: maneno ya wazee, kiti, ugwe wa ngozi, uzi mweusi uliokuwa umeisha kweli. Ng'ombe wa Luhaga walishakubaliwa. Jibu langu lilishatoka zamani, hakuna tu aliyetaka kuniletea.

"Mpira, Januarius! Mpira!" Khatibu alikuwa anapiga kelele.

Aliyekuwa gunia la pili alishafika nyumbani. Mabao yalikuwa sawa. Ndaki alikuwa anazunguka, na akifika tumeshindwa. Nami nilikuwa nimebakiza hatua chache kukifikia kiti. Mchana kutwa nilikuwa nazunguka ghala kwa ajili ya mama huyu, na watu waliniona. Nikisimama sasa kama Luhaga, tutakuwa wakwe wawili mbele ya kiti kimoja, na Bariadi itanicheka mpaka mvua zinyeshe. Nikienda, nimesema mbele ya watu wote, kwa miguu yangu mwenyewe, kwamba mimi si kitu kwake.

Nikaenda.

Mama alisikia vishindo. Akachungulia kwa upindo wa kanga, akaona ni mimi, akaishusha. Aliishusha yote, taratibu, mpaka mabegani, kama mtu anayepumzika mgeni akishaondoka. Uso wake ulikuwa mpole, unafanana na wa Elina, na ningeweza kuutazama nipendavyo. Akainama akaokota mpira, akaufuta vumbi kwa pindo la kanga, akaniwekea mkononi. Na mkono hakuuachia.

"Mwadila, ng'wanone," akanisalimia, akiniita mwanawe.

Mkono wa mtu mzima anayekusalimia haunyofolewi, hata kama nyumba inaungua. Nikakunja magoti.

"Mwadila, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Nyuma yangu Ndaki alipita gunia la tatu. Nilisikia watu wa Mwanhuzi wamekumbuka mchezo wao, wanamwita aje, aje. Khatibu alikuwa anataja jina langu na la mama yangu.

"Pole na kukimbia," akasema, vidole vyake vikavu vikinibana kwa wema. "Na watu wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mayu."

Mwanhuzi wakapiga yowe la ushindi. Mpira ulikuwa kwenye kiganja changu, na kiganja kilikuwa kwenye mkono wake.

"Wewe ni mtoto wa nani, ng'wanone?"

Nikamtajia jina la baba. Nikamtajia na la baba mdogo, yule aliyekunywa maziwa kwao. Akafikiri kidogo, akanitazama kuanzia juu mpaka miguuni.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ndiwe wewe."

Nikasubiri ajifunike. Akaniachia mkono, akakiweka sawa kikapu chake, na kanga akaiacha palepale mabegani.